Kumpeleka mbwa au paka Ujerumani kutoka Tanzania: anza miezi mitano kabla

Nimetoka kumsaidia dada mmoja anayehamia Ujerumani na mbwa wake, na maswali yake yalikuwa yale yale ninayoulizwa kila mara kliniki. Nayajibu hapa kwa mpangilio. Masharti ya kichaa cha mbwa ni hayo hayo kwa nchi zote za Umoja wa Ulaya, na anayetokea Kenya naye atayafuata, kwa kuwa nchi zetu hizi mbili hazimo kwenye orodha ya zilizosamehewa kipimo cha damu, kile kinachoonyesha kama chanjo ya kichaa cha mbwa imempa mnyama kinga ya kutosha.

Kabla hujatoa hata shilingi, angalia aina ya mbwa wako. Ujerumani hairuhusu kuingiza Pit Bull, American Staffordshire, Staffordshire Bull Terrier wala Bull Terrier, pamoja na chotara wao.

Hatua ya 1: Chipu

Ni kidude kidogo cha utambulisho kinachodungwa chini ya ngozi. Iwe ya kiwango cha kimataifa cha ISO, yenye namba ya tarakimu 15. Daktari aisome kwa skana mbele yako kabla ya kuidunga na baada ya kuidunga, nawe ulinganishe namba na stika.

Hatua ya 2: Chanjo ya kichaa cha mbwa

Mnyama awe ametimiza wiki 12. Chipu na chanjo vinaweza kufanyika siku moja, ila chipu itangulie. Chanjo iliyotolewa kabla ya chipu haihesabiki, hata kama mbwa amechanjwa kila mwaka tangu akiwa mtoto. Kama kliniki imeishiwa chipu na inakuambia uchanje leo, chipu utawekewa wiki ijayo, ondoka utafute kliniki nyingine.

Hatua ya 3: Kipimo cha damu

Hapa ndipo safari nyingi zinapokwama, kwa hiyo soma taratibu.

Damu inachukuliwa zikishapita angalau siku 30 tangu chanjo. Siku ya 29 haikubaliki. Lakini usichelewe mno pia: mbwa aliyechanjwa mara moja tu maishani kinga yake inaweza kushuka mapema, na kinachotakiwa ni uniti 0.5 za kimataifa au zaidi kwa mililita. Akipata chini ya hapo anachanjwa tena, na hesabu inaanza upya.

Baada ya hapo unasubiri miezi mitatu ndipo asafiri. Miezi hiyo inahesabiwa kuanzia siku damu ilipochukuliwa, si siku majibu yalipotoka. Wengi wanakaa wakisubiri majibu ndipo waanze kuhesabu, wakati siku zao zinakwisha bila wao kujua. Kwa hiyo tangu chanjo hadi ndege ni miezi minne kwa uchache, na ule wa tano ni wa dharura.

Maabara lazima iwe iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, maana yake sampuli inasafiri nje ya nchi. Ninapeleka seramu, sipeleki damu nzima. Chupa ya damu isimame wima hadi damu igande, kisha izungushwe kwenye mashine, na yale maji ya juu, ndiyo seramu yenyewe, yahamishiwe kwenye kichupa kingine. Yainue kwenye mwanga: yanatakiwa kuwa maangavu, yenye unjano wa mbali. Yakiwa mekundu, chembe za damu zimepasuka, mara nyingi kwa kuvuta damu kwa nguvu au kutikisa chupa. Toa damu nyingine siku hiyo hiyo, kwa sababu sampuli ya namna hiyo inaweza kukataliwa baada ya kuwa umeshalipia usafirishaji. Andika namba ya chipu kwenye kichupa kwa wino usiofutika, na iwe hiyo hiyo kwenye fomu. Jina la mbwa peke yake halisaidii kitu.

Majibu yakiwa mazuri hayaishi muda, mradi kila chanjo inayofuata itolewe kabla ile ya awali haijaisha. Ukichelewa hata siku moja, unarudi kwenye hatua ya 2.

Neno kwa ndugu zetu wanaoishi Ulaya na wanataka kuja likizo na mbwa: kipimo hiki kifanyike huko kabla hamjaondoka, na kiandikwe kwenye pasipoti ya mbwa. Mkirudi hamtasubiri miezi mitatu.

Hatua ya 4: Kizimba cha kusafiria

Nunua mapema, kile kigumu kinachofungwa kwa boliti za chuma. Vya vibanio vya plastiki mimi siviamini. Mbwa aweze kusimama bila kichwa kugusa juu, kugeuka na kulala amejinyoosha. Mlishe humo ndani kwa wiki kadhaa mlango ukiwa wazi, ili akione ni chumba chake. Dawa ya usingizi usimpe: inashusha shinikizo la damu, na huko chini kwenye ndege hakuna wa kumwangalia.

Hatua ya 5: Tiketi

Mwandikishe mnyama unapokata tiketi yako, maana nafasi za wanyama kwa kila ndege ni chache. Mbwa na paka wa pua bapa wanakataliwa na mashirika mengi, hivyo uliza kwanza.

Hatua ya 6: Cheti cha afya

Kinatakiwa kutolewa ndani ya siku 10 kabla ya kufika, kwa fomu ya Umoja wa Ulaya yenye Kijerumani na Kiingereza, na kiwe na saini na muhuri wa daktari wa mifugo wa serikali. Muhuri wa kliniki binafsi peke yake hautoshi. Kama mtu mwingine ndiye anayesafiri naye, mpe barua ya idhini, na wewe mwenyewe usafiri ndani ya siku tano kabla au baada yake.

Hatua ya 7: Siku ya safari

Chakula kidogo, saa kadhaa kabla. Gandisha maji kwenye bakuli la kizimba usiku wake, yatayeyuka polepole bila kumwagika. Nakala za karatasi bandika juu ya kizimba, zile halisi ziwe mkononi mwako. Ukifika Frankfurt usipite njia ya kijani, ile ya wasio na cha kuonyesha forodhani. Nenda kwa maofisa wa forodha uwaonyeshe mnyama na karatasi zake, wasome chipu.