Kutafsiri Kimalei na Kiindonesia: neno lilelile, maana nyingine

Kabla hujafungua kamusi, jua kwanza maandishi yametoka nchi gani. Mwaka 1972 Malaysia na Indonesia zilioanisha tahajia zao, kwa hiyo mara nyingi sura ya neno peke yake haikuambii nchi. Tazama maneno ya jirani. Ukiona karena, uang, kantor au mobil, hayo ni ya Indonesia. Kerana na wang ni ya Malaysia. Kereta na pejabat zisikudanganye, maana ziko pande zote mbili: Malaysia ni gari na ofisi, Indonesia ni treni na afisa. Bei nazo husaidia. Rp15.000 ni rupia elfu kumi na tano, RM15.00 ni ringgit kumi na tano tu.

Neno linalomtega zaidi Mswahili ni percuma. Malaysia, masuk percuma ni kuingia bila malipo. Indonesia, percuma ni kazi isiyo na faida, na kisicholipiwa huitwa gratis. "Bure" yetu inabeba maana zote mbili, hivyo mfasiri anaiandika bila wasiwasi na msomaji anaelewa kinyume. Usiitumie hapo kabisa: andika "bila malipo" au "haina faida", kadiri ya nchi.

Polisi nayo tunaiona ni yetu. Indonesia ni polisi kweli, kutoka Kiholanzi. Malaysia askari huitwa polis, na polisi ni sera, kutoka Kiingereza. Kwa hiyo polisi kerajaan katika taarifa ya Malaysia ni sera ya serikali.

Ukitumia programu ya kutafsiri, usiipe neno moja. Ukiandika air peke yake, inaweza kudhani ni Kiingereza ikakupa "hewa", ilhali kwa Kimalei na Kiindonesia ni maji, na hutamkwa silabi mbili, a-ir. Ipe sentensi nzima na uchague lugha mwenyewe. Angalia pia mpangilio: air mata ni machozi, mata air ni chemchemi.

Kisha hakiki neno katika kamusi ya nchi husika: KBBI kwa Indonesia, Kamus Dewan kwa Malaysia. Zote zinasomeka mtandaoni.

Kwa mazungumzo, jihadhari na butuh. Indonesia ni "kuhitaji", Malaysia ni tusi zito. Sema perlu, inaeleweka pote.