Kilango cha mbwa Dar: mambo ya kukagua kabla fundi hajakata mlango

Huko Manchester au Minneapolis mbwa wako wa kilo nne anatoka na kuingia apendavyo kupitia kilango cha jikoni. Sasa nyumba ya Goba au Kigamboni imekwisha, mnarudi, na unataka fundi atoboe mlango kabla hamjatua. Subiri kidogo. Kilango chenyewe ni nadra kumuumiza mbwa. Hatari kubwa ziko nje, kwa hiyo ukaguzi uanzie kwenye ua.

Mwombe aliyeko nyumbani akupigie simu ya video azunguke ua akiwa na futi mkononi. Apime kwanza chini ya geti. Mageti mengi huachiwa nafasi ili yasikwaruze sakafu, na mbwa mdogo akishapitisha kichwa, mwili unaweza kufuata. Nafasi ikizidi sentimita 5, fundi wa kuchomelea aongeze bati au flati bar. Kisha aangalie mifuniko ya chemba, mfereji wa maji ya mvua, na mahali mlinzi anapotega sumu ya panya. Kama kuna mbwa wa ulinzi wanaofunguliwa usiku, jibu letu ni moja: kilango kisiwe wazi saa hizo, hata kama mchana wanacheza pamoja. Mbwa mkubwa akimkamata mdogo na kumtikisa mara moja tu, inatosha kumuua.

Kupe nao si wa kupuuzwa. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza ehrlichia na babesia, magonjwa ambayo mbwa aliyekulia kwenye baridi huenda hajawahi kukutana nayo. Dawa ya kinga ya kupe na chanjo ya kichaa cha mbwa viwe tayari kabla kilango hakijafunguliwa siku ya kwanza.

Usiku ni habari nyingine. Kinachosukumika na mbwa wa kilo nne kinasukumika pia na paka wa mtaani, nguchiro, panya buku na hata nyoka. Nunua kilango chenye kibao cha kufungia kinachoteleza kwenye fremu, na kazi ya kukifunga saa kumi na mbili jioni apewe mtu mmoja anayejulikana, dada wa nyumbani au yeyote anayelala ndani. Kama hakuna wa kuibeba kazi hiyo kila siku, usiweke kilango.

Vipimo vichukue mwenyewe hukohuko, mbwa akiwa amesimama. Pima kimo chake mabegani, pale shingo inapoishia, kisha upana wa kifua. Ukingo wa juu wa tundu upite mabega kwa sentimita 3 hadi 5, na upana uzidi kifua kwa sentimita 5. Ukingo wa chini usivuke tumbo. Kwa Dachshund au mbwa mwingine wa miguu mifupi, sentimita 5 hadi 8 kutoka sakafuni zinatosha. Kata kadibodi kwa kipimo halisi, umpitishe mbwa, halafu umpelekee fundi kadibodi hiyo au michoro yenye milimita. "Saizi ndogo" kwa fundi inaweza kuwa saizi ya mbuzi.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanapima ndani na kusahau nje. Nyumba nyingi za Dar sakafu imeinuliwa ili maji ya masika yasiingie, na baraza iko chini kwa sentimita 15 au zaidi. Kwa mbwa mrefu wa mgongo, kuruka hapo mara ishirini kwa siku kunaweza kuuumiza uti wa mgongo. Jenga kidaraja cha zege chenye uso usioteleza, kiwe kipana kuliko kilango.

Sasa mkono wa mwizi. Tundu la mbwa mdogo halimpitishi mtu mzima, ila mkono unapita mpaka begani. Fundi alale chini, apitishe mkono, ajaribu kufikia kitasa, komeo na ufunguo. Akigusa chochote, kilango kihamishwe au komeo lipande juu. Grili ya nje nayo huwa inasahauliwa: nondo ikikatwa ili mbwa apite, ncha zisagwe kwa tupa na tundu lizungushiwe fremu, la sivyo nondo zitamchana mgongoni.

Mlango wa mninga ukatwe kwenye paneli, si kwenye mbao ya kuunganishia. Mlango wa flashi una uwazi ndani, hivyo kingo za tundu zizibwe kwa mbao. Kioo kilichoimarishwa kwa moto hakikatwi tena. Kikiguswa na msumeno kinasambaratika chote, kwa hiyo kioo cha tundu huagizwa kikiwa tayari kimetobolewa.

Kuhusu kile kipande kinachoning'inia, kijaribu dukani kwa kidole kimoja. Kikigoma kusogea, mbwa wa kilo tatu atagoma naye, au kitamrudia mkiani. Plastiki laini inamfaa, ingawa jua la mchana huikunja. Epuka mlango unaotazama magharibi bila kivuli. Skrubu na bawaba ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya bahari hula zile za kawaida haraka. Vilango vinavyosoma chipu ya tarakimu 15 iliyo chini ya ngozi ya mbwa ni vizuri, hasa vya betri, kwani umeme ukikatika vinaendelea. Kama kinatumia waya na umekinunua Marekani, soma kibandiko cha adapta: huko ni volti 120, Tanzania ni 230. Vile vinavyofunguliwa na sumaku ambayo mbwa huvaa shingoni tunavikwepa. Kwenye ua uliotoka kujengwa, sumaku hiyo huzoa misumari na vipande vya waya, na mbwa hutembea navyo kooni.

Wiki ya kwanza funga kipande hicho juu kwa kamba, mbwa apite tundu likiwa wazi huku ukimwita kwa nyama upande wa pili. Siku ya nne kishushe nusu, ya saba chote. Pug na wenzake wa pua fupi wafungiwe ndani kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa kumi alasiri miezi ya joto, hata kama wanakwaruza mlango.