Traiodi, ultralinia au pentodi? Namna ya kulinganisha kwenye ampli yako ya valvu

Kama ampli yako ya valvu ina swichi ya traiodi na ultralinia, cha kwanza kabisa usiamini masikio kabla hujasawazisha sauti, maana ile inayotoka kubwa kidogo ndo kila mtu ataiona nzuri.

Traiodi, ultralinia na pentodi ni namna tatu za kuunga valvu za kutolea sauti: valvu ni zilezile, kinachobadilika ni gridi ya skrini (wavu mdogo ndani ya valvu) imeungwa wapi. Ikiungwa na anodi (bamba la valvu linalopokea elektroni) kupitia rezista ndogo, om 100 hivi, hiyo traiodi. Ikienda kwenye saplai ya umeme wa volti kubwa, pentodi. Ikiungwa kwenye waya uliotolewa katikati ya koili ya transfoma ya kutolea sauti, mara nyingi kwenye 40% au 43% ukihesabu toka upande wa saplai, hiyo ultralinia, Alan Blumlein aliiwekea hataza Uingereza 1937 afu David Hafler na Herbert Keroes wakaipa umaarufu Marekani kuanzia 1951.

Sasa kazi yenyewe. Zima ampli kabla ya kugeuza swichi, labda kama watengenezaji wamesema unaweza kugeuza ikiwa inawaka, afu iwashe, iache ipate moto na uangalie bayasi (mkondo wa valvu wakati hakuna sauti) upya. Na usifungue boksi hovyo, humo ndani kuna volti zaidi ya 400 na kapasita zinabaki na umeme hata ukishachomoa plagi, zinaua kweli.

Cheza toni ya Hz 400, maltimita nyingi za bei ndogo haziko sahihi juu ya hapo, pima volti za AC kwenye teminali za spika, tuseme umepata 1.00 kwenye traiodi, basi ukihamia ultralinia itapanda, we rudisha volyumu mpaka isome 1.00 tena. Hapo ndo sikiliza, na mwenzako ndo awe anageuza swichi bila kukwambia ipi ni ipi.

Sikiliza besi zaidi. Pentodi bila fidibeki (sehemu ya sauti inayorudishwa nyuma kurekebisha makosa ya ampli) haiishiki spika vizuri, kwahiyo pale om za spika zinapopanda na sauti nayo inapanda, besi inavimba na gitaa la besi linakuwa noti moja tu linavuma kuliko zingine, traiodi inaibana vizuri zaidi. Ampli yenye fidibeki nyingi tofauti hii inapungua sana, saa ingine huisikii kabisa.

Nguvu nayo iangalie. Ampli ya Dynaco ST-70 inatoa wati 35 kila chaneli kwa jozi ya valvu za EL34 kwenye ultralinia, ukiifanya traiodi inabaki kama nusu, ambayo ni desibeli 3 tu. Spika zako zikiwa za desibeli 95 kwa wati wala hutojali, kaa traiodi ufurahie sauti za waimbaji, ila zikiwa za 84 na unapenda taarabu kwa sauti kubwa itaanza kukwaruza mapema, hapo mi nakushauri ultralinia bila kusita.