Jinsi ya kuupitisha ukungu juu ya mlima Loleza kwa penseli, simu na kompyuta

Mlima mmoja wa Mbeya, wingu moja, sekunde 20 za video. Kwa mwanafunzi wa ubunifu anayeanza, zoezi hili linamshikisha kuchora, kuhariri picha na kutengeneza video kwa mkupuo mmoja. Andaa simu yenye kamera, kompyuta, na programu mbili za bure: GIMP ya kuhariri picha na Kdenlive ya kutengeneza video.

1. Karatasi
Video yetu itakuwa ya pikseli 1920 kwa 1080, yaani uwiano wa 16 kwa 9. Kwa hiyo, kabla ya kuchora chochote, piga boksi la sentimita 24 kwa 13.5 kwa rula kwenye A4 iliyolazwa. Wengi hulipuuza hili, halafu wanalazimika kukata kilele. Chora Loleza ndani ya boksi, na mabati ya nyumba za Mwanjelwa, mtaa wa Mbeya, chini yake ukipenda. Wingu lichore kwenye karatasi ya pili, ndani ya boksi la ukubwa uleule.

2. Picha
Pigia nje, kivulini, au siku ya mawingu (Mbeya hatuna uhaba nazo). Zima flashi, inafanya penseli ing'ae. Simu iwe sambamba na karatasi. Ikiinama, boksi litakuonyesha, maana upande mmoja utakuwa mfupi.

3. Kusafisha
Kwenye GIMP fungua Colors, kisha Levels. Chini ya grafu kuna vipembetatu vitatu. Cheupe kivute kushoto mpaka ukijivu wa karatasi upotee, cheusi kulia kidogo tu. Mistari myembamba ikianza kukatika, rudi nyuma. Kata kwa kufuata boksi, punguza picha iwe 1920 kwa 1080. Fanya hivyo kwa karatasi zote mbili.

4. Wingu
Hapa ndipo penye kazi. Utashawishika kutumia Color to Alpha, ambayo huondoa weupe wote. Lakini wingu lenyewe ni jeupe! Utaliona Loleza lote katikati ya wingu kama unachungulia kwenye chandarua. Badala yake:

- ongeza Alpha Channel (inayotunza uwazi wa picha) kwenye leya, yaani tabaka la picha;
- chukua Free Select, zungushia wingu taratibu;
- weka Feather ya pikseli 30 hivi, ili kingo zilainike;
- geuza uteuzi kwa Invert, bonyeza Delete.

Hamisha kama PNG. JPEG haitunzi uwazi, itakurudishia weupe uliotoka kuufuta.

5. Mwendo
Kdenlive: chagua 1080p, fremu 25 kwa sekunde. Mlima ukae treki (mstari wa kuwekea klipu) ya chini, wingu treki ya juu, zote sekunde 20. Kwenye wingu weka efekti ya Transform: mwanzoni X (nafasi ya kushoto-kulia) iwe 1920, mwishoni -1920, yaani wingu liingie kutoka nje ya kulia na kutokea kushoto. Hizo ni fremu 500, karibu pikseli 8 kila fremu, mwendo unaoufaa ukungu wetu, ambao hauna haraka.

Likikubali, nakili wingu kwenye treki ya tatu, lishushe, lipunguze uzito wa kuonekana (Opacity) hadi asilimia 60, na umbali uleule lipite kwa sekunde 12. Kilicho karibu na jicho huenda kasi. Picha itapata kina bila wewe kuchora mstari mwingine.

6. Kutoa
Toa faili ya MP4 iliyobanwa kwa H.264. Ukimtumia mwalimu kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ikienda kama video hubanwa, na mistari hafifu ya penseli ndiyo inayotangulia kufa.