Unaenda kufanya kazi Sudan Kusini? Jipange hivi kiafya na kiusalama kabla hujaondoka

Watu wetu wengi siku hizi wanapata kazi Sudan Kusini, wahasibu, madereva, mafundi, manesi, watu wa mahoteli, na tangu nchi iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki 2016 tumeizoea tunaiona ya jirani tu, unapanda basi Kampala unavuka Nimule unaingia Juba. Sasa hapo ndo watu wanapojisahau. Juba kliniki zipo na maduka ya dawa yapo, ila kazi nyingi haziko Juba, ziko Bentiu, Malakal, Renk, Pibor, na huko mvua zikianza, mwezi wa nne mpaka wa kumi na moja hivi, barabara zinakatika kabisa na viwanja vingi vya ndege ni vya udongo, ikinyesha ndege haitui.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata soksi, muulize mwajiri wako swali moja: nikizidiwa usiku nikiwa kule, natolewaje na nani analipa? Ulize kabla ya kusaini mkataba, na jibu liwe kwenye maandishi. Kama kuna bima, isome mwenyewe, maana bima nyingi za safari hazilipi kitu kinachotokana na vita au vurugu, na pia kuna kava za ndege ya wagonjwa, kama zile za Flying Doctors wa Amref wanaoruka kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, lakini usidhani kila kava inafika kila nchi, uliza kwa jina, "Sudan Kusini imo?" Namba ya dharura iandike kwenye karatasi uiweke na pasipoti. Mwaka 2025 mwezi wa kwanza Juba ilipochafuka waliweka kafyu na mitandao ya kijamii ikafungwa, kwa hiyo usitegemee kwamba kila kitu utakipata kwenye simu.

Sasa malaria, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kuna ile kauli "mi nimezaliwa na malaria, itanifanya nini". Kinga ya ukubwani inajengwa na kuumwa na mbu wenye vimelea mara kwa mara, na ukishakaa mjini miaka bila kuugua inapungua sana, na kama umekulia Nairobi au Arusha au Mbeya mjini huenda hujawahi kuwa nayo kabisa. Sudan Kusini malaria ipo mwaka mzima, nchi nzima, na ni ile ya kimelea kinachoitwa falsiparam, aina inayoua. Nenda kwa daktari mkubaliane dawa ya kinga. Doxycycline ni ya bei nafuu, unameza kila siku, unaanza siku moja au mbili kabla na unaendelea wiki 4 baada ya kutoka kule, ila inafanya ngozi iungue na jua haraka na mjamzito hapewi. Malarone ni ghali zaidi lakini ukitoka unamalizia siku 7 tu. Kuna na mefloquine, hiyo kama umewahi kuwa na sonona au kifafa mwambie daktari, usipewe. Mwenye sikoseli asijiamulie chochote mwenyewe.

Na hata ukimeza hizo dawa bado unaweza kuugua. Beba chandarua chako chenye dawa, beba vipimo vya haraka vya malaria na dozi nzima ya mseto kutoka duka la dawa unaloliamini nyumbani. Homa ikipanda pima siku hiyohiyo, usisubiri kesho eti ni uchovu wa safari. Ukimkuta mwenzako anachanganyikiwa, anatapika kila kitu, anapata degedege au mkojo umekuwa mweusi, hapo vidonge havitoshi, anatakiwa sindano hospitali na ule mpango wa kutoka unaanza saa hiyohiyo.

Chanjo ni kama hivi. Homa ya manjano lazima, na kadi inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchoma, ukichoma leo ukasafiri kesho kutwa unaweza kurudishwa mpakani. Ukishachoma moja inatosha maisha yote. Homa ya uti wa mgongo ichukulie siriasi maana nchi iko ndani ya ule ukanda wake wa Afrika, hatari kubwa ni kiangazi, Desemba mpaka Juni. Ongeza taifodi, homa ya ini A na B, pepopunda, polio, na kichaa cha mbwa kama unaenda mbali na mji, kwa sababu ukiumwa na mbwa huko chanjo unaweza usiipate karibu. Kipindupindu kilitangazwa mwishoni mwa 2024 kikasambaa sana, chanjo yake ni ya kunywa, uliza. Anza haya yote wiki 6 hadi 8 kabla.

Maji chemsha au tibu, hata ya kupigia mswaki. Pakiti za ORS, ile chumvichumvi ya kunywa ukiharisha, beba nyingi, zikiisha changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usioge wala kuogelea Nile, kichocho kipo.

Usalama: gari likisimama njiani usiingie porini kujisaidia, mabomu ya ardhini ya vita vya zamani bado yapo, kaa kwenye njia iliyokanyagwa. Usisafiri usiku, hata lami ya Nimule kwenda Juba imeshatokea watu kuviziwa. Usipige picha wanajeshi, daraja, uwanja wa ndege wala ofisi ya serikali, hapo watu wanakamatwa kweli. Kwenye kizuizi ongea taratibu, mikono ionekane, simu iache mfukoni. Dola beba mpya zisizochanika, za zamani wanazikataa, na kadi ya benki usiitegemee.

Ukirudi nyumbani malizia dozi ya kinga hata kama unajiona mzima. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu, nenda upimwe na umwambie daktari ulikuwa Sudan Kusini, usisubiri akuulize. Na kama homa inakwenda zaidi ya wiki mbili, malaria haionekani, unakonda na tumbo upande wa kushoto limevimba, mtajie kala-azar, inaletwa na usubi wa maeneo kama Jonglei na Upper Nile na inaweza kujitokeza miezi mingi baadaye, daktari asiyejua ulikotoka hawezi kuifikiria.