Bastola ndogo ya bei nafuu: tazama risasi kabla ya bei

Mkazi wa Dar es Salaam aliyekwisha kupewa leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na anayetafuta bastola ndogo ya kubeba chini ya shati, anashauriwa kuanza na risasi kabla ya kuulizia bei. Makarov (bastola ya Kisovieti) iliyokwisha kutumika huweza kuonekana ya bei nafuu, lakini risasi zake ni za milimita 9×18 (kipenyo cha risasi na urefu wa ganda), wala haziingiliani na zile za 9×19 zilizoenea zaidi duniani.

Udogo nao una gharama yake. Glock 43 ina uzito wa takribani nusu kilo bila risasi na magazini yake (kasha la risasi) huchukua risasi 6, ilhali Taurus G2C ya Brazili, ambayo kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko Glock, huchukua 12 ingawa ni nene kidogo kiunoni. Bastola nyepesi hurudisha teke kali zaidi mkononi, hivyo mtu asinunue kabla ya kuishika na, ikiwezekana, kuifyatua mahali panaporuhusiwa.

Joto la pwani, jasho na hewa ya chumvi huleta kutu haraka. Silaha inayokaa mwilini kutwa ifutwe na kupakwa mafuta mara kwa mara. Fedha iliyookolewa kwenye bei inunue mkoba mgumu wa bastola unaofunika kifyatulio chote (mfuko wa suruali haufai kabisa) pamoja na sefu ya nyumbani.