Kuhubiri stendi na sokoni bila kuishia kituoni

Wahubiri wa mtaani wanaokamatwa Tanzania Bara huingia matatani kwa mambo matatu: kukusanya watu bila polisi kuwa na taarifa, kelele, au neno lililomchoma jirani wa dini nyingine. Injili yenyewe inalindwa. Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inasema kazi ya kutangaza dini, kufanya ibada na kueneza dini ni huru na ni hiari ya mtu binafsi. Ibara ya 18 inalinda maoni, ya 20 inalinda kukusanyika kwa amani. Soma na ya 30 pia, maana ndiyo utakayoambiwa ukifika kituoni: uhuru wako usiingilie haki za wengine wala maslahi ya umma.

Yafuatayo ni ya Bara. Zanzibar ina Katiba yake ya 1984 na sheria yake ya makosa ya jinai, hivyo tafuta wakili wa huko kabla ya kuvuka na vyombo vyako vya sauti.

Toa taarifa, usiombe kibali

Hapa ndipo wengi wanapoteza haki yao kwa mkono wao wenyewe. Zamani mkutano wa hadhara ulihitaji kibali. Mchungaji Christopher Mtikila, ambaye watu wanamkumbuka zaidi kwa siasa kuliko kwa madhabahu, alifungua shauri Mahakama Kuu Dodoma mwaka 1993, na mwaka uliofuata Jaji Lugakingira akaamua kwamba sharti la kibali linapingana na Katiba. Leo Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, inadai taarifa ya maandishi isiyopungua saa 48 kabla ya mkutano, ikipelekwa kwa afisa wa polisi msimamizi wa eneo. Kwa kawaida huyo ni OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya. Ukishaipeleka na hujapata katazo, unaendelea na mkutano.

Kwa hiyo barua isiseme "tunaomba ruhusa". Ukiomba, ukimya wa polisi unageuka kuwa kukataliwa, na wewe mwenyewe ndiye uliyewapa nafasi hiyo. Andika hivi:

*Kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya. YAH: TAARIFA YA MKUTANO WA INJILI. Tunatoa taarifa kwamba kanisa letu litafanya mkutano wa Injili katika eneo la (taja kwa alama inayojulikana, mfano upande wa mashariki wa stendi, mbele ya choo cha kulipia), tarehe (…), kuanzia saa 10:15 jioni hadi saa 12:00 jioni. Lengo ni mahubiri na nyimbo. Tunatarajia watu 80 hadi 120. Vyombo ni spika mbili na maiki mbili. Msimamizi ni (jina, cheo, simu).*

Nakala ziende kwa mtendaji wa kata, mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mwenye eneo. Chapa nakala moja zaidi ya kubaki nayo, na usiondoke kaunta hadi igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha mwombe aliyepokea aandike na saa. Saa 48 zinahesabiwa kwa saa, na bila kuandikwa muda huna cha kuonyesha. Peleka siku tano hadi saba mapema. Anayepeleka Alhamisi mchana kwa mkutano wa Jumamosi jioni yuko ndani ya sheria, lakini OCD akiwa na shaka hana muda wa kumwita wazungumze, na njia iliyobaki kwake ni kuzuia.

Polisi hawawezi kuzuia kwa sababu tu hawapendi. Sheria inawataka waridhike kwamba mkutano unaelekea kuvunja amani, kuhatarisha usalama au utulivu wa umma, au kutumika kwa jambo lisilo halali. Ukipigiwa simu kwamba "mkutano hakuna", jibu kwa adabu: "Afande, tumekuelewa, tunaomba katazo hilo kwa maandishi na sababu yake." Likija kwa maandishi, usiende. Kubadilisha eneo au siku na kupeleka taarifa mpya huwa ni haraka kuliko kukata rufaa kwa Waziri, ingawa njia ya rufaa ipo na inafaa kutumiwa pale kata moja inapokatazwa kila mara bila sababu. Lisipokuja na sauti ya simu ikabaki sauti ya simu, nenda kituoni na ile nakala yenye muhuri, mwone OCD ana kwa ana kabla ya siku ya mkutano. Kwenda uwanjani kwa ubishi ukijua umeambiwa usije ni kumwandalia mwendesha mashtaka kesi.

Anayezungumza na mpita njia mmoja, au anayegawa vipeperushi mlango kwa mlango, hajaitisha mkutano. Ukishaweka viti, maiki na kwaya, umeitisha.

Eneo lina mwenyewe

Taarifa ya polisi haikupi kiwanja. Stendi na masoko mengi ni ya halmashauri, kwa hiyo mkubaliane na meneja wa soko au stendi kwa barua. Kiwanja cha mpira kinaweza kuwa cha halmashauri, cha shule au cha chama. Kando ya barabara ni hifadhi ya wakala wa barabara, TANROADS au TARURA, na ni mahali pabaya hata ukikubaliwa: watu wakijaa wanamwagika barabarani, na kosa linakuwa la usalama barabarani. Acha upenyo ambao mkokoteni uliojaa viazi unapita bila mtu kusogea, na msizibe meza ya machinga yeyote. Mfanyabiashara aliyepoteza mauzo ya jioni ndiye anayepiga simu kituoni, na ana haki.

Basi ni chombo cha biashara cha mtu, chenye leseni na masharti yake. Dereva au konda akisema usihubiri humo, nyamaza.

Sadaka usikusanye hapo. Ndoo ikizunguka sokoni, mkutano unaonekana biashara, na maswali ya ushuru na utapeli yanaanza.

Sauti

Kanuni za mazingira za 2015 kuhusu kelele na mitetemo zinawapa NEMC (baraza la taifa la mazingira) na halmashauri nguvu, na mipaka yake ni mikali kuliko wahubiri wengi wanavyodhani: kwenye makazi ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili walio mita moja ni kama desibeli 60.

Hesabu ya kukumbuka: nje, kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua kama desibeli 6. Spika inayotoa desibeli 90 mita moja mbele yake itatoa kama 66 mita 16, 60 mita 32, 54 mita 64, na itashuka hadi 50 karibu na mita 100. Watu mia moja wakisimama vizuri wanaenea ndani ya hizo mita 16, kwa hiyo 90 zinatosha kabisa. Wanaofungulia hadi 110 wanawahubiria watu walio mita 150 ambao hawakuja mkutanoni, na hao ndio walalamikaji.

Ndiyo maana katikati ya makazi spika ni balaa hata ukiwa mwangalifu, na sokoni au stendi, ambako kelele ya daladala ipo tayari, ni mahali pa busara zaidi. Stendi nayo ina mtego wake. Mngurumo ukizidi, mtu wa vyombo anaongeza, kisha anaongeza tena, mpaka hakuna anayesikia maneno. Badala ya kuongeza, gawanya: spika mbili ndogo, moja kila upande, juu ya miguu yake ya chuma kwa urefu wa kichwa, zikiinamishwa kidogo zielekee vifua vya wasikilizaji, migongo yake ikitazama nyumba. Miili ya watu inameza sauti. Spika ya honi juu ya paa la gari hurusha sauti juu ya vichwa na kuifikisha wodini. Simu yenye programu ya kupima desibeli inakosea kidogo, lakini inatosha kukuonyesha umezidi kwa 20.

Jenereta mara nyingi ina kelele kuliko mhubiri. Kwa mkutano wa saa mbili huihitaji: betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200. Ukitumia nusu tu ili usiiue, na ukitoa upotevu wa inveta, amplifaya inayokula wati 120 inakwenda saa 4.

Kuhusu muda, saa 10:15 hadi 12:00 jioni kwenye barua haikuwekwa kwa bahati. Dar es Salaam azana ya alasiri inakuwa imepita, na ya magharibi huanguka kati ya saa 12:10 na 12:45 kutegemea mwezi. Mwanza na Kigoma jua linazama baadaye kuliko Dar, rekebisha. Ukiwa karibu na msikiti na azana ikakukuta, zima maiki hadi iishe. Mbali na heshima, kuna kifungu cha Kanuni ya Adhabu kinachofanya kuvuruga mkusanyiko wa ibada kuwa kosa, na kinalinda ibada ya Kikristo vilevile: kwaya yako ikiwasha vyombo mbele ya kanisa jingine lenye ibada, kosa ni lile lile.

Maneno

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kosa la kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za mtu, adhabu yake kifungo cha mwaka mmoja. Haliishii kwenye maneno. Ishara, sauti na hata kitu ulichokiweka mbele ya macho ya mtu vimo. Wanasheria wamezoea kukiita kifungu cha 129. Toleo la urekebu la sheria la 2023, linalotumika tangu Julai 2025, linaweza kuwa limehamisha namba, hivyo taja kosa kwa jina lake na uangalie toleo ulilonalo.

Kesi ya kuisoma kuhusu kosa hili ilimhusu mhubiri wa Kiislamu, na kila mhubiri wa Kikristo angepaswa kuijua. Hamisi Rajabu Dibagula alihubiri hadharani mkoani Morogoro kwamba Yesu si Mwana wa Mungu, akahukumiwa kifungo cha miezi 18, zaidi hata ya ule mwaka mmoja wa sheria. Katika rufaa ya jinai namba 53 ya 2001, Mahakama ya Rufani ilifuta hatia hiyo. Kutamka imani ya dini yako hadharani, hata kama wa dini nyingine atakereka, si kosa. Lazima ithibitike kwamba ulikusudia kuumiza. Ulinzi uliomtoa Dibagula ndio unaokulinda wewe ukisema mbele ya Waislamu kwamba Yesu ni Bwana.

Nia inasomwa kwenye namna. "Sisi tunaamini Yesu alikufa msalabani akafufuka" ni tangazo la imani. Kumwita mtume wa wengine kwa jina la kejeli, kuiga sauti ya azana, kumtaja sheikh au padri wa mtaa huo kwa jina, au kumnyooshea kidole bibi fulani kwamba ni mchawi, hapo nia haitafutwi mbali. Usishike kitabu kitakatifu cha dini nyingine jukwaani. Kikianguka, kikichanika au mtu akikinyakua, hutaweza kueleza. Vurugu za Mbagala za Oktoba 2012, makanisa yalipochomwa, zilianza kwa watoto wawili na nakala ya Kurani iliyokojolewa. Polisi wa doria wanalikumbuka hilo wanapoona umati na kitabu.

Akitokea mtu wa kubishana kwa sauti, mhubiri asimjibu kwa maiki. Msimamizi amfuate pembeni, ampe namba ya simu na siku ya kuzungumza. Maiki humshinda mtu mbele ya watu wake, na aliyeshindwa hivyo hurudi na wenzake.

Video ukiipandisha mtandaoni inaingia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo inagusa matusi yenye msingi wa dini. Hakikisha aliyehariri hakukata sentensi ikabaki nusu ya pili tu.

Polisi wakifika

Mtu mmoja azungumze nao, na asiwe mhubiri. Aliye na maiki akianza kubishana na askari, umati unasikia na unachagua upande. Msimamizi awe na bahasha: nakala ya taarifa yenye muhuri, barua ya mwenye eneo, barua ya utambulisho wa kanisa na nakala ya cheti cha usajili kutoka kwa Msajili wa Jumuiya. Polisi wakiamuru mtawanyike, tawanyikeni, hata kama mnaona wamekosea. Kukaidi amri hiyo ni kosa jipya linalojitegemea, na litawafunga hata kama lile la kwanza lilikuwa hewa.

Ukikamatwa, una haki ya kuambiwa kosa, kumjulisha ndugu au wakili, na kutolazimishwa kutoa maelezo. Ukiamua kutoa maelezo, yasome yote kabla ya kusaini, hasa pale karani anapoandika "nilitukana" mahali uliposema "nilihubiri". Dhamana ya polisi ni bure. Usipopewa dhamana, sheria inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) na Chama cha Wanasheria Tanganyika wanaweza kukuunganisha na wakili, na malalamiko kuhusu askari yanaweza kwenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Vyombo vikichukuliwa, dai hati ya ukamataji mali yenye orodha kamili: aina ya spika, namba za utambulisho za mtengenezaji (serial number), idadi ya nyaya. Piga picha namba hizo leo, vyombo vikiwa bado kanisani. "Spika mbili nyeusi" zikiandikwa kwenye hati, miezi mitatu baadaye utarudishiwa spika mbili nyeusi za mtu mwingine.